James Earl Jones: Mtoto aliyekaa kimya miaka nane, kisha dunia nzima ikaijua sauti yake

Muigizaji wa filme Mmarekani James Earl Jones alifariki tarehe 9 Septemba 2024 nyumbani kwake, katika jimbo la New York, akiwa na umri wa miaka 93. Watu wengi hawakuujua vizuri uso wake, lakini sauti yake waliitambua mara moja. Ndiyo ile sauti nzito ya Mufasa, simba mfalme wa filme The Lion King. Ndiyo pia ile ya Darth Vader, adui mwenye kofia nyeusi na pumzi za kutisha katika Star Wars.

Jambo ambalo wengi hawakulijua ni hili: mwenye sauti hiyo alikuwa na kigugumizi tangu utotoni. Kwa muda wa karibu miaka nane alikuwa kama bubu. Darasani hakujibu, kanisani hakusoma, na mgeni akifika nyumbani alijificha. Nyumbani aliwaambia jamaa zake maneno machache ya lazima tu, na alipokuwa peke yake shambani alizungumza na wanyama.

Namna gani mtoto wa aina hiyo alifikia kuwa sauti inayosikilizwa kuliko nyingi katika historia ya sinema? Jibu linaanza katika kijiji kidogo cha kusini mwa Marekani, na linapita kwa mwalimu mmoja wa shule ya mashambani.

Kuondoka Mississippi

James Earl Jones alizaliwa tarehe 17 Januari 1931 huko Arkabutla, katika jimbo la Mississippi. Wakati huo watu weusi wa Mississippi waliishi chini ya sheria za ubaguzi. Shule zao zilikuwa tofauti na za wazungu, viti vyao katika treni vilikuwa tofauti, na mtu mweusi aliyejaribu kupiga kura aliweza kupoteza kazi yake au hata maisha yake.

Baba yake, Robert Earl Jones, aliacha familia mapema sana. Alikwenda kutafuta maisha kwa mchezo wa ngumi, kisha akawa muigizaji huko New York. Mama yake, Ruth, alikuwa akienda mbali kutafuta kazi. Ndiyo maana mtoto alilelewa na babu na nyanya yake wa upande wa mama, John Henry na Maggie Connolly, watu waliolima shamba.

James alipokuwa na umri wa miaka mitano hivi, wazee hao walifunga mizigo na kuelekea kaskazini, katika jimbo la Michigan. Hawakuwa peke yao katika safari hiyo. Kati ya miaka ya 1910 na 1970, watu weusi wapata milioni sita walihama kutoka kusini mwa Marekani kwenda kaskazini na magharibi, wakikimbia ubaguzi na kutafuta kazi. Wengi walikwenda miji mikubwa kama Chicago na Detroit. Babu Connolly yeye alichagua shamba, karibu na kijiji kinachoitwa Dublin, penye miti mingi na theluji nyingi.

Kwa wazee, Michigan ilikuwa mahali pa kupumua. Kwa mtoto, ilikuwa kuachana na kila kitu alichokizoea, na wazazi wake wote wawili wakiwa mbali. Baadaye, akiwa mtu mzima, Jones alieleza mara nyingi kwamba ni katika siku zile za kuhama ndipo maneno yalianza kumkwama mdomoni. Kila alipojaribu kusema, silabi ya kwanza ilikataa kutoka, au ilijirudia bila kwisha. Watoto wenzake walimcheka. Basi akaamua jambo ambalo mtoto mwenye haya angeliamua: kufunga mdomo.

Alifunga mdomo tangu darasa la kwanza mpaka alipofika shule ya sekondari. Walimu walimzoea hivyo. Walimpa maswali, naye akajibu kwa kuandika. Hakuwa mjinga, na hakuna aliyemwona kuwa mjinga. Lakini hakuna pia aliyejua namna ya kumfungua.

Mwalimu na shairi la tunda

Katika shule ya sekondari ya Brethren, kijiji cha jirani, kulikuwa na mwalimu wa lugha ya Kiingereza, Donald Crouch. Alikuwa mtu mzima aliyewahi kufundisha katika shule za juu kabla ya kuja kuishi mashambani, na alipenda sana mashairi. Siku moja aligundua kwamba yule kijana asiyesema anaandika mashairi kwa siri.

Ilikuwa miaka ya vita kuu ya pili ya dunia, na chakula kilikuwa haba. Majira ya baridi moja, serikali ilituma kwa treni matunda ya pamplemusi kutoka Florida, jimbo la joto, mpaka Michigan kwenye theluji. Kwa mtoto wa shamba aliyekula viazi na nyama ya kukausha wakati wote wa baridi, tunda lile lilikuwa kama ajabu. James alilila, kisha akaketi na kuandika shairi la kulisifu.

Mwalimu Crouch alilisoma shairi hilo. Akamwambia mbele ya darasa kwamba ni zuri mno, zuri kiasi kwamba mtu anaweza kudhani limeibwa katika kitabu. Njia ya kuonyesha kwamba ni lake, mwalimu alisema, ni kusimama na kulisema lote kwa moyo, bila karatasi.

Hapo kijana alibanwa pande mbili. Akikaa kimya, ataitwa mwizi wa maneno ya watu. Akisimama, atachekwa. Alichagua kusimama. Akafungua mdomo, na maneno yakatoka moja baada ya lingine, bila kukwama hata mara moja. Wenzake walishangaa, mwalimu alishangaa, na yeye mwenyewe alishangaa kuliko wote. Sauti waliyoisikia haikuwa tena ya mtoto mdogo aliyenyamaza miaka nane nyuma. Wakati wa ukimya ule alikuwa amebalehe, na sauti ilikuwa imeteremka chini, nzito kama ngoma.

Yaliyotokea siku ile yanaeleweka. Watu wengi wenye kigugumizi hawakwami wanapoimba, wanaposoma pamoja na wengine, au wanaposema maneno waliyoyashika kwa moyo. Kigugumizi si upungufu wa akili, wala si tabia mbaya, wala si laana. Ni shida ya namna ubongo unavyoongoza mwendo wa maneno. Kati ya watoto mia moja, karibu watano hupitia wakati wa kigugumizi, na wengi wao huachana nacho wanapokua. Kwa watu wazima, ni karibu mtu mmoja kwa mia. Wavulana ni wengi kuliko wasichana.

Mwalimu Crouch hakuwa daktari. Lakini alikuwa ameuona mlango, na hakuuacha ujifunge tena. Tangu siku ile alimtaka James asome mashairi kwa sauti, ashiriki mashindano ya kusema mbele ya watu, na atumie maneno yaliyoandikwa kama daraja la kufikia maneno yake mwenyewe. Jones hakumsahau mwalimu huyo mpaka uzee wake. Alimtaja katika kitabu cha maisha yake, kilichotoka mwaka wa 1993, na katika mazungumzo mengi na waandishi wa habari.

Sare ya jeshi na kazi ya usafi

James alipomaliza sekondari mwaka wa 1949, aliingia Chuo Kikuu cha Michigan na nia ya kuwa daktari. Masomo ya sayansi hayakumkaa rohoni. Aligeukia maigizo, na wakati huohuo alifuata mafunzo ya kijeshi yaliyotolewa kwa wanafunzi. Nidhamu ya jeshi ilimpendeza, na kwa wakati fulani alifikiri kubaki humo maisha yake yote. Alifikia cheo cha luteni.

Alipotoka jeshini katikati ya miaka ya 1950, alifanya hesabu yake. Jeshi lilikuwa na mshahara wa uhakika. Maigizo hayakuwa na uhakika wowote, hasa kwa mtu mweusi, kwani nafasi walizopewa weusi wakati huo zilikuwa za mtumishi, mpishi na dereva. Hata hivyo alichukua njia ya New York. Huko alifahamiana na baba yake, Robert Earl Jones, ambaye hakumjua utotoni. Baba huyo naye alikuwa akitafuta mkate katika kazi ya uigizaji, na jina lake lilikuwa limewekwa katika orodha ya watu wasiopewa kazi za filme kwa sababu ya siasa, katika miaka Marekani ilipowasaka waliodhaniwa kuwa wakomunisti. Baba alimwonyesha mwanawe kwamba kazi hiyo haina ahadi. Mtoto hakurudi nyuma.

Mchana alijifunza uigizaji. Ili kulipa nyumba na chakula, alifanya kazi ya usafi katika majumba.

Mwaka wa 1958 alipata nafasi ndogo katika mchezo Sunrise at Campobello, uliohusu maisha ya Rais Franklin Roosevelt. Mchezo ulichezwa katika jumba la Cort Theatre, kwenye mtaa wa Broadway unaojulikana kwa maigizo. Jones alicheza mtumishi wa nyumbani, mwenye maneno ya kuhesabu. Jina la jumba hilo linafaa kukumbukwa, kwani litarudi mwishoni mwa habari hii.

Kutoka hapo kazi ilianza kufuatana. Mwaka wa 1961 alikuwa mmoja wa waigizaji weusi wa mchezo The Blacks, wa mwandishi Mfaransa Jean Genet, pamoja na Maya Angelou na Cicely Tyson, ambao nao hawakuwa bado na majina makubwa. Alicheza michezo ya Shakespeare katika bustani za New York, mbele ya watu walioingia bila kulipa. Hapo ndipo mtengenezaji wa filme Stanley Kubrick alipomwona. Mwaka wa 1964 Jones alionekana kwa mara ya kwanza katika sinema, ndani ya Dr. Strangelove, akiwa mwanajeshi katika ndege inayobeba bomu la nyuklia.

Bondia, Muhammad Ali na Kinshasa

Jina lake lilipanda kweli mwaka wa 1968, kwa mchezo The Great White Hope. Mchezo huo ulijengwa juu ya maisha ya Jack Johnson, mtu mweusi wa kwanza kuwa bingwa wa dunia wa ngumi za uzito wa juu, mwaka wa 1908. Wazungu wengi wa Marekani hawakukubali kwamba bingwa ni mweusi, tena mweusi anayetembea wazi na wanawake wa kizungu. Walitafuta bondia mzungu wa kumpiga. Walipomkosa, mahakama ilimhukumu Johnson mwaka wa 1913, naye akakimbilia nchi za nje. Ilichukua zaidi ya miaka 100 mpaka Marekani ikamsamehe rasmi, mwaka wa 2018, akiwa amekwisha kufa zamani.

Kwa ajili ya mchezo huo Jones alinyoa kichwa na kuujenga mwili kama wa bondia wa kweli. Mwaka wa 1969 alipata tuzo ya Tony, ambayo ndiyo kubwa kuliko zote katika maigizo ya jukwaani Marekani. Kisha mchezo ukawa filme mwaka wa 1970, naye akawa mtu mweusi wa pili, baada ya Sidney Poitier, kupendekezwa kwa tuzo ya Oscar ya muigizaji bora wa kiume.

Kati ya watu waliokwenda kuutazama mchezo huo alikuwa Muhammad Ali. Wakati huo Ali alikuwa amenyang'anywa ubingwa wake, mwaka wa 1967, kwa sababu alikataa kwenda kupigana vita ya Vietnam. Alimwona Jones jukwaani akicheza bingwa mweusi aliyenyang'anywa haki yake na serikali, akaona ni maisha yake mwenyewe yanayochezwa.

Wakongomani wanajua namna habari ya Ali ilivyoendelea. Usiku wa tarehe 30 Oktoba 1974, mjini Kinshasa, alimwangusha George Foreman katika raundi ya nane na kurudisha ubingwa wake, uwanja mzima ukimshangilia. Mwaka wa 1977 ilitoka filme ya maisha yake, The Greatest, ambamo Ali alijicheza yeye mwenyewe. James Earl Jones alikuwemo pia: alicheza Malcolm X.

Saa chache za kazi, dola 7000

Mwaka huohuo wa 1977, George Lucas alikuwa akimaliza filme yake ya mambo ya angani, Star Wars. Adui mkubwa wa filme hiyo, Darth Vader, alichezwa na Mwingereza David Prowse, mtu mrefu sana na mwenye nguvu. Mwili wake ulifaa, lakini namna yake ya kusema haikumpendeza Lucas, aliyetaka sauti nzito ya kutia hofu. Akamwita Jones.

Jones hakuvaa kofia wala koti jeusi. Alisimama mbele ya maikro, akasoma maneno kwa saa chache, akalipwa dola 7000, akaenda nyumbani. Aliiona kazi hiyo kuwa ndogo kiasi kwamba aliomba jina lake lisiandikwe mwishoni mwa filme. Kwake, aliyecheza Darth Vader alikuwa Prowse, na sauti ilikuwa kama ufundi wa nyongeza tu. Ni katika filme ya tatu, mwaka wa 1983, ndipo jina lake lilipoandikwa.

Filme hiyo ikawa moja ya zilizoingiza pesa nyingi kuliko zote duniani, na ile kazi ya saa chache ikamfuata maisha yake yote. Mtu aliyekuwa amekaa miaka nane bila kusema, sasa alitambuliwa popote kwa sauti yake peke yake. Baadaye kituo cha habari cha CNN kilimchukua aseme jina lake hewani, na watu wa nchi nyingi wakawa wanamsikia kila siku bila kujua ni nani. Alisoma pia Agano Jipya lote kwa sauti, likauzwa katika kaseti.

Mfalme wa Zamunda, mfalme wa simba

Katika Afrika, wengi wa kizazi cha kaseti za video wanamkumbuka kwa uso wake pia. Mwaka wa 1988 alikuwa Mfalme Jaffe Joffer wa Zamunda, nchi ya kubuni, katika filme ya kuchekesha Coming to America. Ndiye baba wa mwana mfalme aliyechezwa na Eddie Murphy, yule anayekataa mke aliyechaguliwa na wazazi na kwenda New York kujitafutia mwenyewe. Jones alicheza bila kucheka hata kidogo, na ndiyo sababu watu walicheka. Alirudi katika nafasi hiyohiyo mwaka wa 2021, akiwa na umri wa miaka 90.

Mwaka wa 1994 ilitoka The Lion King. Filme hiyo ilichukua majina yake mengi katika Kiswahili. Simba ni simba, Rafiki ni rafiki, na Pumbaa jina lake linatoka katika kupumbaa. Mama wa Simba, Sarabi, alipewa sauti ya Madge Sinclair, mwanamke yuleyule aliyekuwa malkia wa Jones katika Coming to America. Kwa hiyo mfalme na malkia wa Zamunda waligeuka kuwa mfalme na malkia wa simba.

Filme ilipotengenezwa upya mwaka wa 2019, sauti karibu zote zilibadilishwa isipokuwa ya Mufasa. Hakupatikana mtu wa kumrithi.

Mwaka wa 1995 alikwenda Afrika Kusini kucheza katika Cry, the Beloved Country, filme iliyotoka katika kitabu cha Alan Paton. Alikuwa Stephen Kumalo, mchungaji mzee wa kijijini anayekwenda Johannesburg kumtafuta mtoto wake na kumkuta gerezani. Filme hiyo ilitengenezwa muda mfupi baada ya utawala wa ubaguzi kuanguka mwaka wa 1994. Hapo Jones hakutumia sauti ya kutisha. Alisema polepole, kama mtu anayetafuta kila neno kabla ya kulitoa.

Hakupona kamwe

Watu wengi hupenda kusimulia kwamba shairi la tunda lilimponya. Jones mwenyewe hakusema hivyo. Alieleza, mpaka uzeeni, kwamba yeye bado ni mtu mwenye kigugumizi, na kwamba alichojifunza ni namna ya kuishi nacho. Alichagua maneno yake kwa uangalifu. Akiona neno fulani litamkwama, alitafuta lingine la kufanana nalo. Alisema polepole. Utulivu ule ambao watu waliuita heshima ya kifalme ulikuwa, kwa sehemu kubwa, ulinzi wa mtu anayejua kwamba neno linaweza kumsaliti wakati wowote.

Katika jukwaa alipata usalama, kwani pale maneno yameandikwa na mtu mwingine, naye ameyashika kwa moyo, kama siku ile ya darasani. Kazi aliyopewa sifa kubwa kuliko zote huko ni Fences, mchezo wa August Wilson. Alicheza Troy Maxson, mzoa taka wa mji wa Pittsburgh aliyekuwa na kipaji cha mpira wa baseball lakini alizaliwa mapema mno, wakati weusi walipofungiwa mlango wa timu kubwa. Troy anambania mtoto wake nafasi ambayo yeye mwenyewe aliikosa. Kwa mchezo huo Jones alipata Tony ya pili, mwaka wa 1987.

Tuzo nyingine zilifuata. Mwaka wa 1991 alipata tuzo mbili za Emmy za televisheni kwa mwaka mmoja. Alikuwa na Grammy ya mwaka wa 1977 kwa kusoma kwa sauti. Mwaka wa 2011 alipewa Oscar ya heshima kwa kazi ya maisha yake yote. Alikuwa London akicheza mchezo, basi tuzo ikapelekwa kwake jukwaani, mbele ya watazamaji.

Maisha ya nyumbani hayakukosa mizigo. Mwaka wa 2016 alitangaza wazi kwamba ana ugonjwa wa sukari, alioishi nao karibu miaka 20, ili kuwatia moyo wagonjwa wengine. Mwaka huohuo alimpoteza mke wake, muigizaji Cecilia Hart, aliyeoana naye mwaka wa 1982 na kuzaa naye mtoto mmoja wa kiume.

Sauti iliyobaki

Uzee ulipozidi, sauti nayo ilianza kuchoka. Mwaka wa 2022, wakati Darth Vader alipohitajika tena katika mfululizo wa televisheni Obi-Wan Kenobi, Jones alikubali sauti yake ya zamani itumiwe kutengeneza mpya kwa akili mnemba. Kazi hiyo ilifanywa na kampuni ya Kyiv, Ukraine. Vita ilianza mwezi wa Februari mwaka huo, na mafundi wake waliendelea na kazi huku mji wao ukishambuliwa.

Wengine waliogopa jambo hilo. Ikiwa mashine inaweza kuchukua sauti ya mtu, muigizaji kijana atapata wapi kazi? Mwaka wa 2023 waigizaji wa Marekani waligoma kwa karibu miezi minne, na moja ya sababu ilikuwa hiyo: hakuna kutumia sura au sauti ya mtu bila ruhusa yake na bila malipo. Jones alitoa ruhusa yake akiwa hai, kwa hiari yake. Swali ni kwa wale ambao hawataulizwa.

Mwezi wa Septemba 2022, Cort Theatre, lile jumba la Broadway ambamo alicheza mtumishi mwenye maneno ya kuhesabu mwaka wa 1958, lilibadilishwa jina. Tangu siku hiyo linaitwa James Earl Jones Theatre. Kabla yake, msanii mweusi aliyepewa heshima ya namna hiyo Broadway alikuwa August Wilson, mwandishi wa Fences. Miaka 64 ilikuwa imepita tangu kijana yule aingie pale na sinia ya mtumishi.

Miaka miwili baadaye alifariki. Katika habari nyingi zilizoandikwa siku ile, majina ya Mufasa na Darth Vader ndiyo yalitangulia. Lakini yeye, kila alipoulizwa mambo yalianzia wapi, alirudi kwenye darasa la Brethren na kwa mwalimu Crouch.

Katika kila shule kuna mtoto anayeketi nyuma na kukaa kimya. Wenzake humcheka, mwalimu mwenye haraka humruka, na wakubwa nyumbani humalizia maneno yake kabla hajayatoa. Crouch hakumcheka, hakumruka, wala hakusema mahali pake. Alisoma kile mtoto alichokiandika, akamwomba akiseme, kisha akanyamaza na kungoja.